Mpini wa pembe na majina yaliyofutwa mezani

KISWAHILI hakina neno moja linalovijumlisha kisu, kijiko na uma. Anayetaka kuvitaja vyote kwa mkupuo huvihesabu kimoja kimoja, au hujisaidia kwa maelezo: ‘vyombo vya kulia’, ‘vifaa vya mezani’. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa upungufu wa lugha. Mimi silioni hivyo. Lugha huvipa jina moja vitu ambavyo watumiaji wake wamezoea kuviona pamoja, na Mswahili wa jadi hakuviweka vitu hivi vitatu kandokando ya sahani moja. Alinawa, akaketi na wenzake kuzunguka sinia, akala kwa mkono wa kulia. Kisu kilikuwa cha jikoni, cha shambani na cha kiunoni. Mwiko ulikuwa wa chunguni. Uma ulikuja na meza.

Hebu tuyatazame maneno yenyewe kwa ufupi. Kijiko ni udogo wa mwiko, kama vile kijiba kilivyo udogo wa mwiba. Ndiyo kusema kile kijiko cha chai unachokorogea sukari ni mtoto wa mwiko wa kusongea ugali. Uma tunausoma katika ngeli ya U-ZI, wingi wake nyuma, na sidhani kuna mwanafunzi wa Kenya ambaye hakucheka mwalimu alipoandika ubaoni kwamba nyuma ziko nyuma ya sahani. Umbo la neno hili linakaribiana na kitenzi ‘kuuma’, na kazi yake pia. Kisu nacho kina sehemu mbili ambazo Waswahili wamezigeuza kuwa falsafa: makali na mpini. Tukimwona mtu anashindana na aliyemzidi nguvu, tunamwonya kwamba yeye ameshika makali, mwenzake ameshika mpini.

Ni mpini huo ninaotaka kuuzungumzia leo. Katika makumbusho na nyumba za mnada za Ulaya na Marekani kuna visu, vijiko na nyuma za kale zilizotengenezwa kwa fedha, dhahabu, sadafu, marijani na hasa pembe za ndovu. Ni vitu vya kupendeza mno. Kando ya kila kimoja huwa kuna kibandiko chenye maandishi: jina la kiwanda au la sonara, jina la mji, mwaka, na pengine jina la familia iliyokimiliki. Kisha huja maneno mawili matatu tu kuhusu malighafi: ‘mpini wa pembe’. Pembe ya wapi? Aliyeitoa porini ni nani? Aliyeibeba ni nani? Hapo kibandiko hunyamaza. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba ukimya huo una historia ndefu, na kwamba sisi wasemaji wa Kiswahili tuna maneno ya kuuvunja.

Tuanze na Ulaya yenyewe, ili tujue kwa nini kijiko kikawa kitu cha kugombaniwa. Kwa karne nyingi mgeni wa Ulaya alikwenda karamuni na kisu chake mwenyewe kiunoni. Aliyekuwa na uwezo alikuwa na kijiko chake pia. Maskini walitumia kijiko cha mti au cha pembe ya ng’ombe; tajiri alitumia cha fedha, na mtoto wa tajiri alizawadiwa kijiko cha fedha siku ya ubatizo wake. Ndipo tukapata ule usemi wa Kiingereza wa mtu aliyezaliwa na kijiko cha fedha mdomoni, ambao magazeti yetu yamekuwa yakiutafsiri neno kwa neno bila kujiuliza kama kijiko cha fedha kilikuwa na maana yoyote kwa nyanya zetu.

Fedha ilikuwa na faida nyingine: ilikuwa benki. Mwenye vijiko vya fedha alipobanwa na madeni au vita, aliviyeyusha akapata sarafu. Mwaka 1649, baada ya Waingereza kumkata kichwa mfalme wao Charles wa Kwanza, vifaa vya kutawazia wafalme viliyeyushwa au kuuzwa. Kijiko kimoja cha fedha kilichopakwa dhahabu, cha karne ya 12, kilinusurika kwa sababu mtumishi mmoja wa zamani wa mfalme, Clement Kynnersley, alikinunua kwa shilingi 16 akakihifadhi. Ufalme uliporejea alikirudisha, na kikatumika mwaka 1661 alipotawazwa Charles wa Pili. Kijiko hicho hicho ndicho kilichotumika kumpaka mafuta Charles wa Tatu mwaka 2023. Ufaransa nako, mwaka 1689, mfalme Louis wa 14 aliamuru samani na vyombo vya fedha vya kasri la Versailles viyeyushwe ili alipie vita. Kwa hivyo kijiko cha kale cha fedha unachokiona leo kimeponea chupuchupu. Vingi vya rika lake viligeuka pesa, na pesa zikapotea.

Uma ulichelewa kukubalika. Mtawa wa Italia Petro Damiani, aliyefariki mwaka 1072, aliandika kwa hasira juu ya mwanamke mmoja wa Bizanti aliyeolewa Venisi, ambaye ati hakutaka kugusa chakula kwa vidole bali alikidunga kwa uma wa dhahabu. Mtawa huyo aliiona anasa hiyo kuwa dhambi. Zaidi ya miaka mia tano baadaye, mwaka 1611, msafiri Mwingereza Thomas Coryat alichapisha kitabu cha safari zake akawasimulia wenzake kuhusu desturi ngeni aliyoiona Italia ya kushikilia nyama kwa uma. Watu walimfanyia mzaha. Basi wale waliokuja kutucheka sisi kwa kula kwa mkono walikuwa wenyewe wamejifunza uma juzijuzi tu, na kwa shida.

Uteuzi wa malighafi haukuwa wa mbwembwe tupu. Kisu cha chuma cha zamani kilishika kutu upesi, na kikikata ndimu au tunda chachu kiliacha ladha ya chuma mdomoni. Ndiyo sababu visu vya matunda na vya samaki vilitengenezwa kwa fedha. Fedha nayo huharibiwa na yai: salfa iliyomo kwenye kiini huifanya iwe nyeusi. Kwa hivyo kijiko cha yai kilipakwa dhahabu, au kilichongwa kwa pembe au kwa sadafu. Pembe ya ndovu ilipendwa kwa mipini kwa sababu haitelezi mkononi hata ikilowa, hukubali kuchongwa nakshi ndogondogo, na hung’aa bila kupakwa chochote. Udhaifu wake ni maji moto. Ukiutumbukiza mpini wa pembe ndani ya maji ya moto, hupasuka, na ile gundi iliyoushika uchi wa kisu hulegea. Yaya wa nyumba kubwa alijua kwamba visu vile husafishwa kwa kitambaa, makali peke yake.

Lakini sifa kuu ya pembe, kwa mwanahistoria, ni kwamba haiyeyuki. Huwezi kuigeuza sarafu. Kwa hiyo vitu vya pembe vimedumu pale ambapo vya fedha vilitoweka, na miongoni mwa vilivyodumu kuna ushahidi ambao Ulaya ilikaa nao karne nne bila kuusoma sawasawa. Ninarejelea vijiko vya pembe vilivyochongwa Afrika Magharibi.

Wareno walipofika pwani ya Sierra Leone na baadaye Benin katika karne ya 15, walikuta mafundi wa kuchonga pembe ambao ustadi wao uliwashangaza. Hawakungoja. Waliagiza vitu vya kupeleka kwao: vyombo vya kuwekea chumvi mezani, baragumu za kuwindia, nyuma na vijiko. Valentim Fernandes, aliyekusanya habari za pwani hiyo mwanzoni mwa karne ya 16, alieleza kwamba mafundi wa Sierra Leone waliweza kuchonga chochote walichochorewa. Mwenzake Duarte Pacheco Pereira naye alivitaja vijiko vya pembe vya huko. Vitabu vya forodha vya Lisbon vya miaka ya 1504 na 1505 vinaonyesha vijiko na vyombo vya chumvi vya pembe vikiingia nchini mikononi mwa mabaharia. Hivi havikuwa vinyago vya ibada vilivyoporwa hekaluni. Vilikuwa bidhaa, zilizoagizwa na kulipiwa.

Nimewahi kusimama mbele ya vijiko vya aina hiyo katika makumbusho ya London, vile vya Benin. Sehemu ya kuchotea ni nyembamba kiasi kwamba mwanga unaweza kupita, imejipinda kama jani au kombe la baharini. Mpini wake ni dunia nzima: ndege amemdaka mnyama, nyoka anapanda, swala amegeuza shingo. Anayekishika kijiko hicho hawezi kukitumia kwa pupa, maana kitavunjika. Huko Benin wachongaji wa pembe walikuwa na chama chao, Igbesanmwan, kilichomtumikia mfalme, yaani Oba. Ndovu akiuawa katika milki yake, pembe moja ilikuwa ya Oba. Kwa maneno mengine, kila kijiko kilitoka katika mfumo wenye sheria, mafunzo na heshima yake.

Sasa tazama kilichofuata. Mchoraji mashuhuri wa Ujerumani Albrecht Dürer, akiwa safarini Uholanzi miaka ya 1520 na 1521, aliandika katika shajara yake kwamba amenunua vyombo viwili vya chumvi vya pembe kwa florini tatu, navyo ni vya ‘Calicut’, yaani vya Uhindi. Wanahistoria wa sanaa leo wanaona uwezekano mkubwa ni kwamba vilitoka Afrika. Katika orodha za mali za watawala wa Ulaya wa karne hiyo hiyo, vijiko vya namna hii vilitajwa kuwa vya ‘Kituruki’ au vya ‘Kihindi’. Kwa mwandishi wa orodha, kitu kizuri kutoka ng’ambo kilikuwa cha Mturuki au cha Mhindi. Akili yake haikufika Afrika. Ilichukua hadi mwaka 1959 ndipo William Fagg wa Makumbusho ya Uingereza alipochapisha kitabu kilichovikusanya vitu hivi chini ya jina lililoiingiza Afrika: sanaa ya pembe ya Kiafrika-Kireno.

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu wengi wetu tukisikia urithi wa Afrika ulioko ng’ambo, mawazo hukimbilia uporaji. Uporaji ulikuwepo. Mwaka 1897 wanajeshi wa Uingereza waliuteketeza mji wa Benin na kuchukua maelfu ya kazi za shaba na pembe. Lakini vijiko hivi viliondoka karne nne kabla, tena kwa biashara halali. Kilichoporwa hapa hakikuwa kijiko. Kilikuwa jina. Na jina huporwa kwa namna ya kimyakimya: karani anaandika neno moja lisilo sahihi, mwenzake analinakili, na baada ya vizazi vitatu neno limekuwa ukweli.

Je, kwetu Afrika Mashariki hali ilikuwaje? Hapa historia inachukua sura nyingine. Huko magharibi pembe iliondoka ikiwa kijiko. Pwani yetu pembe iliondoka ikiwa nzima, na mpini ukachongwa ng’ambo. Si kwamba hatukuwa na wachongaji. Siwa ya Pate, lile baragumu la pembe la karne ya 17, na viti vya enzi vilivyotiwa nakshi za pembe vinatosha kumnyamazisha anayedhani hivyo. Ila anasa ya Mswahili haikukaa kwenye uma. Ilikaa kwenye mrashi wa fedha wa kunyunyizia marashi, kwenye kijaluba cha tambuu, kwenye mpini wa jambia. Pembe nyingi ilikuwa ya kuuza.

Biashara hiyo ni kongwe kuliko Kiswahili tunachokisema. Mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya kwanza, unaojulikana kama Periplus, unaitaja Rhapta, bandari ya pwani hii, kuwa mahali pa pembe nyingi. Na bidhaa zilizoletwa kubadilishana nazo? Mikuki, mashoka, visu na sindano za kutobolea, vingine vikifuliwa makusudi katika bandari ya Muza huko Yemeni kwa ajili ya soko hili. Yaani miaka elfu mbili iliyopita visu vya chuma vilikuwa vinaingia, na pembe inatoka.

Mwanahistoria Mwarabu al-Masudi, aliyefariki mwaka 956 na ambaye alisafiri mwenyewe katika bahari hii, anatuonyesha pembe hiyo ilikokwenda. Anasema pembe za nchi ya Zanji zilipelekwa Omani, kisha Uchina na Uhindi. Huko Uhindi, anaeleza, zilitengenezewa mipini ya majambia na ya panga, pamoja na vipande vya sataranji. Nukta hii isitupite. Mwaka elfu moja haujafika, na tayari mtu wa Uhindi ameshika kisu ambacho mpini wake umetoka kwetu. Huyo huyo al-Masudi anaongeza kwamba watu wa Zanji wenyewe walijipamba kwa chuma kama wengine wanavyojipamba kwa dhahabu na fedha. Thamani, kumbe, ni suala la nani yuko mbali na nini.

Karne ya 19 iliugeuza mtiririko huo kuwa mafuriko. Mji wa Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, ulikuwa umefua visu tangu zama za kati. Chama chake cha wafua visu kilianzishwa kisheria mwaka 1624. Ni huko fundi Thomas Boulsover, katika miaka ya 1740, akikarabati mpini wa kisu, aliona kwamba fedha na shaba zikipashwa moto pamoja hushikana na kukunjuka kama madini moja. Kuanzia hapo mtu wa tabaka la kati aliweza kununua kitu chenye sura ya fedha bila bei ya fedha. Tabaka hilo lilipokua, kila nyumba ilitaka seti yake ya visu 12 au 24 vyenye mipini myeupe. Kampuni kama Joseph Rodgers & Sons zilikuwa na ghala za pembe ambazo wageni walipelekwa kutazama kama kivutio. Ng’ambo ya Atlantiki, katika jimbo la Connecticut, miji ya Deep River na Ivoryton iliishi kwa kukata pembe za vitana na vibao vya piano. Wanunuzi waliisifu hasa pembe ya Afrika Mashariki: laini, nyeupe, isiyopasuka ovyo ikikatwa.

Na hapa karani wa Dürer anarudi tena. Katika minada ya London pembe iliitwa kwa jina la bandari. Kulikuwa na pembe ya ‘Zanzibar’. Kulikuwa na pembe ya ‘Bombay’, kwa kuwa shehena nyingi kutoka pwani yetu zilipitia Uhindi kwanza. Ndovu mwenyewe aliishi Ukambani, Unyamwezi au Manyema, na hakuiona bahari maishani mwake. Lakini mara pembe yake ilipopakiwa jahazini, bara lote lilifutwa. Mwaka 1520 kazi ya Mwafrika iliitwa ya Calicut. Miaka mia tatu baadaye pembe ya Afrika inaitwa ya Bombay. Na mwisho wa safari, ubavuni mwa kisu, paligongwa muhuri wa jina moja tu: Sheffield.

Lakini Kiswahili hakikufuta. Kiswahili kilikuwa lugha ya biashara hiyo, na kimeihifadhi katika msamiati. Kwanza, tuna neno ‘pembe’ lenyewe. Kibiolojia hiyo si pembe bali ni jino, jino la mbele la taya la juu. Ndugu zetu wa Tanzania mara nyingi huandika ‘meno ya tembo’, nao wana haki yao. Sisi Kenya tumebaki na ‘pembe za ndovu’, lugha ya msafara na ya forodha. Pili, kamusi za zamani zinatofautisha pembe kwa ukubwa: ‘buri’ ni pembe kubwa, ‘kalasha’ ni pembe ndogo. Mtu hawezi kuwa na maneno mawili kama hayo isipokuwa ameshika pembe nyingi mno mikononi mwake. Wanafunzi wangu wa uzamili, watu werevu kabisa, hawajawahi kuyasikia maneno hayo. Wakitaka kumweleza Ahmed wa Marsabit, yule ndovu aliyepewa ulinzi kwa amri ya rais mwaka 1970 na ambaye sanamu yake iko katika makumbusho ya Nairobi, husema ‘alikuwa na pembe kubwa sana’. Wangeweza kusema tu: alikuwa na buri mbili.

Tatu, kuna ‘frasila’, kipimo cha takriban ratili 35, karibu kilo 16, ambacho ndicho pembe ilichouziwa. Soma maisha ya Tippu Tip, aliyoyaandika kwa Kiswahili mwenyewe na yakachapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, utaziona frasila zikihesabiwa ukurasa baada ya ukurasa. Nne, kuna watu: ‘mpagazi’ aliyebeba mzigo begani kwa miezi, na ‘mnyapara’, neno la Kinyamwezi la kiongozi wa wapagazi, ambalo leo tunalitumia kwa msimamizi wa vibarua au wa wafungwa bila kukumbuka pembe. Wengi wa wapagazi hao walikuwa Wanyamwezi waliofanya kazi ya ujira na kuijivunia. Wengine walikuwa watumwa. Upande wetu, Wakamba kama Kivoi, yule mfanyabiashara aliyempokea Krapf mwaka 1849, waliendesha misafara yao wenyewe hadi Mombasa. Kisu cha Sheffield hakiwezi kukuambia ni nani kati yao aliyebeba pembe ya mpini wake. Lakini maneno haya yanakukataza kudhani kwamba hakukuwa na mtu.

Uhaba ulipoanza kuuma, wenye viwanda walitafuta mbadala. Seluloidi, plastiki ya mwanzo, ilishika kasi Marekani katika miaka ya 1870, na mojawapo ya kazi zake ilikuwa kuiga pembe katika mipini ya visu, hadi kuwekewa mistari myembamba kama ya pembe halisi. Mwaka 1913 Harry Brearley wa Sheffield alitengeneza chuma kisichoshika kutu, na taratibu kisu cha kila siku kikawa chuma kitupu, mpini na makali. Mabadiliko hayo hayakuja mapema ya kutosha kumwokoa ndovu. Julai 1989 Rais Moi aliwasha moto tani 12 za pembe jijini Nairobi, na mwaka huo huo mataifa yakapiga marufuku biashara yake ya kimataifa. Aprili 2016 Rais Uhuru Kenyatta aliteketeza tani 105.

Uingereza nayo, iliyokuwa soko kubwa, ina sheria ya mwaka 2018 iliyoanza kutumika 2022, inayokataza kuuza vitu vya pembe hata vikiwa vya kale, ila kwa misamaha michache. Kitu cha kabla ya 1918 chenye thamani ya juu mno ya kisanaa kinaweza kusamehewa. Kitu cha kabla ya 1947 ambacho pembe yake haifiki asilimia 10 pia. Kisu cha kawaida chenye mpini mzima wa pembe hakiwezi kupita mlango huo wa pili, maana mpini ndio karibu nusu ya kisu. Kwa hivyo maelfu ya visu vya mababu yamo makabatini Uingereza, hayauziki, na warithi hawajui wayafanyie nini.

Mimi naiunga mkono sheria hiyo. Soko la kitu cha kale ni kichaka kizuri cha kufichia kitu kipya. Hata hivyo, nina hofu moja. Kitu kisichouzika aghalabu hutupwa, na kikitupwa huondoka na ushahidi wake. Tusingependa mpini uliofutiwa jina ufutiwe na uwepo pia. Vitu hivi vinafaa kufika katika makumbusho, pamoja na yetu, vikasomwe.

Vikishafika, sisi watu wa lugha tuna kazi. Kwanza, watayarishaji wa vibandiko vya makumbusho waandike njia nzima, si mwisho wake pekee. Badala ya ‘kisu, Sheffield, mpini wa pembe’, waandike kwamba makali yalifuliwa Sheffield na kwamba mpini ni wa pembe ya ndovu wa Afrika, iliyobebwa na wapagazi hadi pwani na kuuzwa kwa frasila. Pale ushahidi usipotosha kutaja nchi, waseme bara, wasiseme bandari. Pili, watunzi wa vitabu vya shule wayarudishe buri, kalasha na frasila mahali yanapostahili, yaani katika masomo ya historia, wala si katika orodha za msamiati mgumu wa kutisha watahiniwa. Tatu, wafasiri wakikutana na katalogi za mnada wasitosheke na kulitafuta neno moja la kuvijumlisha visu na vijiko. Neno hilo tunaweza kuliunda wiki ijayo kama tunalihitaji. Kazi iliyo ngumu zaidi ni kuuliza kila kitu kimetengenezwa kwa nini, na nini hicho kilitoka kwa nani.

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Ni kweli, na historia ya karne ya 19 inathibitisha. Lakini makali hayo yalikuwa na mpini, na mpini ulitoka kwetu. Tusipousema ukweli huo kwa lugha yetu, wataendelea kuusema wengine kwa majina ya bandari zao.